Kijia cha Isiukhu na maji yanayoishia Busia

Mkazi wa Busia au Malaba aliyechoshwa na misururu ya malori mpakani anaweza kupanda matatu alfajiri, apitie Mumias au Webuye, na kabla ya adhuhuri awe kivulini mwa Msitu wa Kakamega. Upande wa Buyangu, kaskazini mwa mji huo, ipo hifadhi iliyotangazwa mwaka wa 1985 na inayosimamiwa na Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS). Humo kuna kijia kinachoandamana na mto Isiukhu hadi kwenye maporomoko madogo. Ni mwendo wa nusu saa hivi, ingawa wengi hukawia wakiwatazama mbega wakirukia matawi. Heri kwenda asubuhi, kwani mvua ya alasiri huifanya njia iteleze.

Maporomoko yenyewe si ya kutisha. La kutazamwa hasa ni rangi ya maji. Isiukhu huingia msituni ukiwa umepita mashamba, na kila mvua inaponyesha huchukua udongo wa huko. Baadaye humwagika katika Nzoia, nao Nzoia huingia Ziwa Victoria huko Bunyala, kusini mwa Kaunti ya Busia. Huko tambarare mto hupunguza kasi, tope likatuama na kuinua sakafu ya mkondo, hata maji yakakosa nafasi. Mwaka wa 2007 kuta za kuzuia mafuriko Budalang'i zilibomoka, na maelfu ya watu wakahama makwao.

Si haki kuutwika Isiukhu mzigo wote, kwa kuwa Nzoia hupokea pia maji ya Cherang'ani na Mlima Elgon. Lakini kijiani Buyangu tope hilo huonekana likiwa bado safarini.