Je, Wajua? Kisanduku Kinachopiga Hodi Kabla ya Kupita

Nyuma ya kaunta za benki nyingi, ndani ya kabati la nyaya, kuna kisanduku chembamba chenye taa za kijani ambacho wateja hawakioni. Huingiwa na laini mbili au tatu: faiba ya kampuni moja, intaneti ya simu ya kampuni nyingine, pengine na waya wa dishi la setilaiti. Kazi yake ni kuamua kila mawasiliano yanayotoka hapo yapite wapi. Mfumo wenyewe mafundi huuita SD-WAN, yaani mtandao wa masafa marefu unaoongozwa kwa programu.

Zamani tawi liliunganishwa na makao makuu kwa laini maalumu ya kukodi. Ilikuwa imara, lakini ghali, na kufungiwa laini hiyo kulihitaji subira. Tena ilikuwa na mzunguko wa ajabu: mfanyakazi wa Mwanza akifungua barua pepe iliyohifadhiwa Ulaya, data yake ilipelekwa kwanza Dar es Salaam ikaguliwe, ndipo itoke nje. Mzunguko huo ulikuwa na maana enzi ambapo programu zote za kazi zilikaa kwenye seva za makao makuu. Siku hizi nyingi hazipo huko. SD-WAN huliruhusu tawi litoke moja kwa moja, na data ya siri ifungwe kwa usimbaji hata ikipita kwenye intaneti ya kawaida.

Utamu wenyewe uko kwenye kupima. Ruta ya kawaida hujua tu kwamba njia ipo au haipo, ilhali njia nyingi hazifi ghafla, hudhoofika. Taa ya faiba inawaka vizuri, kumbe pakiti (vipande vya data) 5 kati ya 100 zinapotea na mkutano wa video unakatakata maneno. Kisanduku hiki hakingoji kuambiwa. Muda wote hupiga hodi upande wa pili kupitia kila njia, kikipima jibu limechukua muda gani, muda huo unayumba kiasi gani, na ni hodi ngapi hazikuitikiwa.

Vipimo hivyo ndivyo vinavyogawa kazi. Mazungumzo ya simu huanza kukera sauti ikichelewa zaidi ya milisekunde 150 kwenda upande mmoja. Setilaiti iliyo kilomita 36,000 angani haiwezi kushinda hapo, kwani kupanda na kushuka tu ni kama milisekunde 240, hata kwa kasi ya mwanga. Basi simu hupewa faiba, na nakala za kumbukumbu za usiku zikapanda angani, hazina haraka.

Dukani, malipo ya kadi ni data kidogo mno. Faiba ikikatwa na wachimba barabara, laini ya simu hubeba malipo, na picha za kamera za ulinzi zikasubiri. Hospitalini ni kinyume: picha za CT za mgonjwa mmoja zinaweza kufika mamia ya megabaiti, na zinapaswa kumfikia daktari bingwa mjini bila kuziba njia ya mapokezi. Kampuni inayofungua matawi haraka hufurahia jingine kabisa. Kisanduku husafirishwa kwa basi, mhudumu anachomeka nyaya, na mipangilio inashuka yenyewe kutoka makao makuu.

Kugawa kazi hivi huokoa pia uwezo wa laini. Google, waliojenga ndugu wa teknolojia hii kuunganisha vituo vyao vya data, walieleza mwaka 2013 kwamba baadhi ya njia zao zilitumika karibu asilimia 100. Kwa kawaida makampuni huacha zaidi ya nusu ya uwezo ukae bure, kwa kuhofia dharura.

Hata hivyo, wauzaji husifia kisanduku kupita kiasi. Mei 12, 2024, nyaya za intaneti za EASSy na Seacom zilikatika baharini upande wa Afrika Kusini, na intaneti ikazorota Tanzania, Kenya na kwa majirani. Mwenye laini za kampuni mbili, zote zikitegemea nyaya hizo, alikuwa na njia moja yenye ankara mbili. Kisanduku kilipiga hodi kote, na kote hakukuitikiwa vizuri. Mnunuzi makini basi, kabla ya kuuliza bei, huomba ramani: faiba hii inapita mtaro gani, inatokea baharini kwa waya upi, na ule mnara wa simu wa akiba unalishwa na faiba ya nani?