Waliozifundisha Roboti Kuona

Katika Barabara ya Kindaruma, mtaani Kilimani, kuna mgahawa ambao tangu 2024 umekuwa gumzo jijini Nairobi kwa sababu chakula huletwa mezani na roboti. Zipo tatu, nazo zina majina: Claire, R24 na Nadia. Hupita taratibu katikati ya viti zikiwa zimebeba masinia, husimama kwenye meza iliyoagiza, na mteja hujichukulia sahani yake kisha hubonyeza kitufe ili roboti irudi jikoni. Watoto huzifuata. Watu wazima hutoa simu wakapiga picha.

Ukitoka hapo ukavuka Ngong Road, Kibera haiko mbali. Ukishika njia ya magharibi ukaipita Lavington, unaingia Kawangware. Wakazi wengi wa mitaa hiyo miwili hudamka alfajiri wakaenda kwa miguu kufanya kazi Kilimani, Kileleshwa na Lavington: walinzi, watunza bustani, wapishi, watu wa mjengo, mama fua. Kwa hiyo roboti inapoonekana Kilimani ikibeba sinia, kuna watu walio jirani sana wenye haki ya kuuliza kazi yao itakuwaje.

Jibu linaanzia kwenye mambo ambayo Claire na wenzake hawawezi. Hawapangi sahani kwenye sinia. Hupangiwa na mtu. Hawafuti meza, hawaokoti kijiko kilichoanguka, wala hawamweleweshi mteja kwa nini samaki amechelewa. Wahudumu wa kibinadamu bado wapo pale pale, wakifanya sehemu ya kazi inayohitaji mikono na busara.

Mtaalamu wa roboti Hans Moravec alilieleza jambo hili mwaka 1988. Alisema ni rahisi kuifanya kompyuta ifikie kiwango cha mtu mzima katika mchezo wa drafti au mtihani wa akili, lakini ni vigumu mno kuipa uwezo wa mtoto wa mwaka mmoja wa kuona na kujongea. Hesabu tunazoziona ngumu binadamu amezianza juzi tu. Kushika, kukanyaga na kutambua uso ni mambo ambayo miili ya viumbe imeyafanyia mazoezi kwa mamilioni ya miaka, ndiyo maana tunayafanya bila kuyafikiria na hatujui hata namna ya kumwelekeza mwingine.

Mtazame mama fua kutoka Kawangware akiwa kazini. Kabla maji hayajagusa nguo, ameshatenga zile zinazochuja rangi na nyeupe, ameshaona kola yenye weusi unaotaka kusuguliwa zaidi, ameshapapasa mifuko kutafuta noti iliyosahauliwa. Analijua blanketi kwa uzito wake likiwa limelowa. Anatazama mawingu kisha anaamua kipi kianikwe kwanza. Kwa mhandisi wa roboti, kila moja ya hatua hizo ni tatizo linalojitegemea, na baya kuliko yote ni kwamba nguo haina umbo: kila ukiigusa inageuka kitu kingine. Mwaka 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walishangiliwa kwa kuiwezesha roboti kukunja taulo ambazo haijawahi kuziona. Ilizikunja vizuri, lakini taulo moja iliichukua zaidi ya dakika ishirini. Kampuni ya Japani iliyotengeneza Laundroid, kabati la kukunja nguo lenyewe, ilifilisika Aprili 2019.

Tangu hapo kasi imeongezeka. Mwaka 2024 kampuni ya Marekani iitwayo Physical Intelligence ilionyesha roboti ikitoa nguo kwenye mashine na kuzikunja juu ya meza. Hata hivyo, kwa bei ya mikono kama hiyo, mama fua ana sababu ya kuihofia zaidi mashine ya kawaida ya kufulia, ambayo tayari inaingia katika nyumba za Lavington, kuliko roboti yoyote itakayozinduliwa miaka ya karibuni.

Viwandani mambo ni mengine. Kiwandani kila kitu kimepangwa ili roboti isishangazwe: sehemu hufika kwa pembe ile ile, sakafu ni tambarare, taa haizimiki. Shirikisho la Kimataifa la Roboti lilihesabu roboti zaidi ya milioni 4.2 zikifanya kazi katika viwanda vya dunia mwishoni mwa 2023. Korea Kusini ilikuwa na roboti 1,012 kwa kila wafanyakazi 10,000 wa viwandani, wakati wastani wa dunia ulikuwa 162.

Idadi hiyo inaihusu Ngong Road moja kwa moja. Pembezoni mwa barabara hiyo, mafundi wa jua kali hutengeneza vitanda, makochi na kabati mbele ya macho ya wapita njia, na vumbi la randa huwatua mabegani. Mwaka 2018 watafiti wa taasisi ya ODI ya London walipiga hesabu ya samani hasa. Walikadiria kwamba kufikia 2034, kuendesha roboti na printa za kuunda vitu nchini Marekani kutakuwa na gharama ndogo kuliko kumlipa mfanyakazi wa Kenya aliye katika ajira rasmi. Zikitimia hesabu hizo, kiwanda cha nje hakitakuwa na haja ya kuja Kenya kutafuta mikono ya bei nafuu. Fundi wa Ngong Road anaweza kuendelea na randa yake, kwa sababu mteja wake yuko hapa hapa na anataka kochi linaloingia kwenye chumba chake. Anayepoteza ni kijana wa Kibera ambaye angeajiriwa katika kiwanda ambacho hakitajengwa kamwe. Hasara ya namna hiyo haina picha. Hakuna mtu anayeonekana akifukuzwa.

Inapokuwa na picha, watu huitikia. Mei 2023, huko Kericho, waandamanaji walizichoma moto mashine za kuchuma majani chai baada ya kuona kazi za wachumaji zikipungua.

Wakati mijadala hii ikiendelea, kuna kazi nyingine ya roboti iliyokwisha kuingia Kibera zamani, bila chuma wala magurudumu. Ni kazi ya kuzifundisha kuona.

Gari linalojiendesha halijui mtu ni nini. Kamera yake hupokea nukta za rangi, basi. Ili itambue kwamba nukta hizi ni mtembea kwa miguu na zile ni kivuli cha mti, huonyeshwa picha nyingi sana ambazo binadamu ameshazichambua: amechora mstari kuzunguka kila gari, kila mtu, kila alama ya barabarani, hata akalitenga anga na majengo, kisha akaandika jina la kila umbo. Kazi hiyo huitwa kutia lebo data. Inataka jicho kali, kipanya na uvumilivu, kwa kuwa mstari uliopotoka kidogo unaweza kulifundisha gari kosa.

Mwaka 2018 BBC iliripoti kwamba sehemu ya kazi hiyo ilikuwa ikifanywa Nairobi na vijana waliotoka Kibera na mitaa mingine ya aina hiyo, wakiwa wameajiriwa na Samasource, shirika lililoanzishwa 2008 na Leila Janah wa Marekani, ambalo leo linaitwa Sama. Lilikuwa likiwatafuta watu waliokuwa wakiishi kwa dola mbili hivi kwa siku, na likiwalipa karibu dola tisa. Kwa familia ya Kibera, tofauti hiyo ni kodi ya nyumba na karo ya shule, na hakuna anayepaswa kuidharau. Lakini Janah, aliyefariki Januari 2020, aliieleza BBC kwamba kulipa zaidi sana kungevuruga soko la ajira la hapa. Hoja hiyo ni dhaifu. Mwenye nyumba wa Kibera haogopi kupandisha kodi kwa kuhofia soko, na kampuni zilizokuwa zikinunua kazi ile zilikuwa miongoni mwa tajiri kuliko zote duniani.

Kazi yenyewe ina tabia moja ambayo kila kijana anayeiingia anastahili kuijua mapema. Aprili 2023 kampuni ya Meta ilitoa programu iitwayo Segment Anything, yenye uwezo wa kukata umbo la kitu chochote kutoka kwenye picha, na roboti nyingi za maabara sasa huitumia kutenganisha kikombe na meza, au nguo na kikapu. Katika maelezo ya programu hiyo, watafiti waliandika kwamba walifanya kazi na watia lebo 130, wote wakiwa Kenya. Mwanzoni, kuchora umbo moja kulimchukua mtu sekunde 34 kwa wastani. Kila walipochora, michoro ilirudishwa kuifunza programu upya, nayo ikawa inawasaidia zaidi. Muda ukashuka hadi sekunde 14. Walipofikisha maumbo milioni 4.3 katika hatua hiyo ya kwanza, programu ilikuwa njiani kujitegemea. Katika hatua ya mwisho haikumhitaji mtu tena: maumbo yote yaliyotolewa kwa umma, zaidi ya bilioni 1.1, yalichorwa na programu yenyewe.

Hapo ndipo ajira hii inapotofautiana na ufundi mwingine. Fundi wa kochi akimfundisha mwanagenzi, ujuzi wake haumtoki mikononi. Mtia lebo akifanya kazi vizuri, anaharakisha siku ambayo hatahitajika, na kwa sekunde zile 20 alizoziokoa halipwi chochote zaidi ya mshahara wa siku. Machi 2024 Remotasks, jukwaa la kampuni ya Scale AI ya Marekani, lilifunga shughuli zake Kenya. Watu waliokuwa wakilitegemea waliamka wakakuta hawawezi tena kuingia.

Ndiyo maana malipo ya kazi hii yanapaswa kupiganiwa wakati mashine bado haijajua, kwa sababu baada ya hapo mfanyakazi hana tena cha kumwekea tajiri mezani. Wafanyakazi wenyewe wameshaanza. Siku ya Mei Mosi 2023, wachujaji wa maudhui ya mitandao walikutana Nairobi na kupiga kura ya kuunda chama chao, na watia lebo nao wameunda Data Labelers Association.

Wimbi linalofuata huenda likawa geni zaidi. Oktoba 2025 kampuni ya 1X ilianza kupokea maagizo ya NEO, roboti ya nyumbani yenye umbo la mtu, kwa dola 20,000. Kampuni hiyo imesema wazi kwamba roboti ikikutana na kazi isiyoijua, mtu aliye mbali anaweza kuvaa miwani maalumu, akaona kupitia macho yake na kuiongoza mikono yake. Huko Tokyo, katika mgahawa wa DAWN uliofunguliwa 2021, watu wenye ulemavu wasioweza kutoka vitandani huhudumia wateja kupitia roboti wanazoziendesha wakiwa nyumbani. Na huko Manila, Ufilipino, kuna watu ambao kazi yao ni kuzisaidia kutoka mbali roboti zinazopanga vinywaji kwenye rafu za maduka ya Japani pale zinapoangusha chupa.

Kijana wa Kibera anaweza kufanya hivyo pia? Kwa sehemu kubwa, ndiyo. Tangu 2009 nyaya za chini ya bahari zimetua Mombasa, na ndani ya Kibera kwenyewe taasisi ya Tunapanda imekuwa ikiwafunza vijana teknolojia na kusambaza mtandao wa jamii. Ishara kutoka Nairobi hadi Ulaya na kurudi huchukua zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Muda huo ni mrefu kwa kudaka glasi inayoanguka, lakini unatosha kabisa kwa mtu kuiambia roboti kwamba hiki ni kikombe, kishike mkononi, kisha roboti ikamalizia yenyewe. Kikwazo kikubwa ni umeme unaokatika, pamoja na chumba cha futi kumi kwa kumi chenye watu watano.

Kazi hiyo ikija, itakuwa na tabia ile ile ya kutia lebo. Kila mara mtu wa mbali anapoiokoa roboti, mwendo wa mikono yake huweza kurekodiwa na kuwa somo. Mama fua wa Kawangware, ambaye ujuzi wake wa nguo hakuna maabara iliyoufikia, anaweza kujikuta siku moja ndiye mwalimu anayetafutwa, amevaa miwani na glavu, akilikunja shati lililoko Oslo. Bei ya ujuzi huo itapangwa na nani, na alipwe mara moja au kila mara mikono ile inapotumika, bado hakuna mkataba unaosema.

Kuhusu atakayeshtakiwa mambo yakiharibika, Nairobi imeshapiga hatua. Wachujaji wa maudhui wapatao 185 waliokuwa wakifanya kazi chini ya wakandarasi waliishtaki Meta mwaka 2023, nayo ikajitetea kwamba haina ofisi Kenya, kwa hiyo mahakama za hapa hazina uwezo juu yake. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ilikataa hoja hiyo na kuruhusu kesi iendelee hapa hapa, mahali ambapo kazi yenyewe ilifanyika.