Miwani ya Darubini: Dosari ya Kioo cha Hubble na Jinsi Ilivyorekebishwa

Neno darubini lina asili ya Kiajemi, na maana yake ya awali ni kitu chenye kuona mbali. Makala hii inahusu darubini iliyoona mbali kweli, ila haikuona sawasawa, na namna wataalamu walivyoivisha miwani ingali angani.

Darubini ya Hubble ilirushwa tarehe 24 Aprili 1990. Wiki chache baadaye, picha zake zilidhihirisha jambo la kusikitisha: nyota, ambayo ingepaswa kuonekana kama nukta, ilizingirwa na ukungu wa nuru. Ikumbukwe kwamba kazi ya kioo mbonyeo ni kuikusanya miale yote mahali pamoja, yaani kwenye fokasi. Kioo cha Hubble, chenye kipenyo cha mita 2.4, kilikuwa bapa kupita kiasi ukingoni, kwa takriban mikroni 2.2 tu. Kiasi hicho ni kama sehemu moja ya hamsini ya unene wa unywele. Hata hivyo, kilitosha kuifanya miale ya ukingoni ikutane mbali zaidi kuliko ile ya katikati. Takriban asilimia 15 tu ya nuru ya nyota ndiyo iliyoangukia kwenye kiini cha taswira, ilhali ilitarajiwa asilimia 70.

Kosa lilitokana na nini? Tume iliyoongozwa na Lew Allen ilibaini mwaka huohuo kwamba kioo kilisuguliwa kwa ustadi mkubwa, lakini kwa kufuata kipimo kilichopotoka: lenzi moja ya chombo cha kupimia ilikuwa imewekwa milimita 1.3 nje ya mahali pake. Jambo la kushangaza, na kwa maoni yangu ndilo zito zaidi, ni kwamba vipimo vingine viwili vilikwisha kuonyesha dalili za kosa hilo kiwandani. Vilipuuzwa kwa sababu vilidhaniwa kuwa hafifu kuliko kile kilichopotoka.

Mwanzoni wataalamu waligeukia kompyuta. Kwa kuwa umbo la ukungu lilijulikana, iliwezekana kukokotoa kinyumenyume na kukisia taswira halisi, kwa mbinu walizobuni Richardson mwaka 1972 na Lucy mwaka 1974. Mbinu hizi zilifaa kwa nyota angavu. Kwa vitu hafifu hazikufua dafu, kwani nuru iliyotawanyika ilikwisha kuchanganyika na chembechembe za kelele za kamera. Hesabu haiwezi kurejesha kile ambacho kamera haikukinasa.

Ilibidi basi nuru yenyewe inyoshwe kabla ya kuifikia kamera. Hapa ndipo ubaya wa kosa ulipogeuka kuwa nafuu: kioo kilikosewa kwa utaratibu, si ovyoovyo. Kosa linalojulikana kwa vipimo kamili laweza kufutwa kwa kosa jingine lililo kinyume chake, kama ilivyo kwa miwani ya mtu. Kamera mpya iliundwa ikiwa na vioo vidogo vilivyopotoshwa makusudi. Kwa vifaa vingine vitatu kilibuniwa chombo kiitwacho COSTAR, chenye vioo vidogo vilivyojitokeza kwenye mikono ya kukunjika. Inasimuliwa kwamba James Crocker alilipata wazo la mikono hiyo akioga hotelini Ujerumani, alipotazama bomba la manyunyu lililoweza kupandishwa na kushushwa.

Mnamo Desemba 1993, wanaanga saba wa chombo Endeavour walivifunga vifaa hivyo katika matembezi matano ya angani. Picha za galaksi ya M100 zilizotolewa Januari 1994 zilithibitisha kwamba ukungu umetoweka.

COSTAR iliondolewa mwaka 2009, maana kufikia wakati huo kila kifaa kilikuwa na marekebisho yake ndani. Kioo kikuu chenyewe hakijaguswa. Kingali na umbo lilelile kilichotoka nalo kiwandani.