Sindano ya homoni isiwe adhabu: niliyoyaona Lodwar na Kakuma

Mimi ni mtoto wa Pwani na nilidhani najua joto, mpaka kazi yangu ya dawa iliponipeleka Lodwar. Joto la kule ni kavu, halina upepo wa bahari wa kulipoza. Siku moja nikiwa Kakuma, kama kilomita 120 kutoka Lodwar, kijana mmoja alinijia akichechemea. Alisubiri wenzake waondoke, ndipo akaninong'oneza: "Dakta, nimejidunga mwenyewe."

Paja lilikuwa limevimba, gumu, la moto. Alikuwa mkimbizi aliyezaliwa msichana, sasa anaishi kama mwanamume na anatumia testosteroni. Sindano moja alikuwa ameitumia mara tatu, tena upande ule ule. Kliniki aliiogopa, na hofu yake ilikuwa na sababu: Machi 2021, wakimbizi wa jamii ya mashoga na waliobadili jinsia walishambuliwa kwa moto hapo hapo kambini, na mmoja wao, raia wa Uganda, akafariki mwezi uliofuata.

Najua wapo watakaoniuliza kwa nini Muislamu kama mimi naandika haya. Jawabu langu ni fupi: mtu akija na jipu hatibiwi kwa mjadala.

Basi tuelezane. Sindano hii inauma kwa nini? Mama zetu wanaijua sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi. Ile nayo ni homoni, lakini ni dawa ya maji. Testosteroni na estrojeni za sindano kwa kawaida huchanganywa na mafuta, mengine ya ufuta, mengine ya karanga. Mafuta ni mazito, huingia polepole na kuutanua msuli. Kwa hiyo, kama karanga au ufuta hukudhuru, mwambie daktari kabla ya kuanza.

Maumivu hupungua ukifanya haya. Shika kichupa mkononi dakika chache ili mafuta yalainike. Lodwar huna haja, kazi yako kule ni kukiweka kivulini. Vuta dawa kwa sindano nene, kisha badilisha uweke nyembamba ya kudungia, maana ncha iliyopita kwenye mpira wa kichupa huwa imeshapoteza makali. Kumbuka namba ya sindano ikiwa kubwa, sindano ni nyembamba: ya 23 ni nyembamba kuliko ya 21.

Pangusa kwa spiriti uiache ikauke, vinginevyo inawasha. Keti, legeza mguu. Anayejidunga mwenyewe atumie upande wa nje wa paja, katikati. Makalio yana mshipa mkubwa wa fahamu, mwachie muuguzi. Sukuma dawa taratibu, usiwe na haraka. Wiki hii kulia, zamu ijayo kushoto. Baadaye tembea kidogo, weka kitambaa cha uvuguvugu, na paracetamol inatosha. Ikiwa bado unateseka, muulize daktari kama dawa yako inaweza kudungwa chini ya ngozi kwa sindano fupi. Kipimo usijipangie.

Maumivu ya siku moja mbili ni kawaida. Uvimbe unaozidi baada ya siku tatu, homa au usaha, nenda hospitali. Anayetumia estrojeni akivimba mguu mmoja, akaumwa kifua au kukosa pumzi, asingoje asubuhi: huenda damu imeganda. Na sindano haiazimwi hata kwa ndugu, kwani virusi vya ukimwi na homa ya ini hupita hapo.

Yule kijana nilimsindikiza kwa muuguzi ninayemwamini. Jipu lilipasuliwa, akapewa dawa. Wiki mbili baadaye alikuja akitembea sawasawa, akaomba sindano mpya tu, moja kwa kila zamu. Kitu chenyewe ni cha shilingi chache, na kukikosa nusura kumkoseshe mguu.

Ndugu zangu wa maduka ya dawa, hapa Mombasa na Malindi pia wapo. Akija mtu kuomba sindano, usimuulize kwa sauti ya kusikika hadi barabarani. Muuzie safi, mweleze anavyotupa iliyotumika, na siri yake ibaki kaunta. Akiondoka kwa aibu atarudi kwenye ile ya zamani.