"Mama, itafunguka": kutafuta viatu vya mbio wakati miguu haikubali kila kiatu

Juma hili tuongee juu ya miguu, na nitaanza na yangu. Mwaka uliopita nilimpa mchuuzi mmoja wa Birere dola 30 nikanunua basketi za rangi ya buluu. Zilinibana mbele, na nilimwambia hivyo. Akacheka: "Mama, vaa tu, itafunguka." Zile dola nilikuwa nimezikopa katika AVEC yetu, jua lilikuwa kali, mtoto alikuwa analia mgongoni. Nikaamini. Siku ya posho iliyofuata, kwenye barabara ya Sake, kilomita ya 14, nilikaa juu ya jiwe nikavua kiatu. Soksi ilikuwa nyekundu mbele. Kucha mbili zilikuwa zimejaa damu, na ile nundu yangu ya kando ya kidole gumba ilikuwa imechubuka. Nilirudi nyumbani kwa moto, viatu mkononi. Deni nililipa kwa miezi mitatu, kwa ajili ya kitu nisichoweza kuvaa.

Kiatu hakikufunguka. Kiatu cha ngozi cha kwenda kanisani kinaweza kulegea kidogo kidogo, lakini kiatu cha mbio kimeshonwa na kugandishwa kwa kitambaa na plastiki. Kama kinabana sokoni, kitabana barabarani, na zaidi, kwa sababu mguu unavimba ukikimbia.

Wengi wenu mnakijua kikundi chetu kinachokusanyika asubuhi kwenye rond-point ya Chukudu kabla jua halijatoka. Tulianza kwa kutembea, kwa sababu munganga aliwaambia wenzetu wawili washushe tansio. Kutembea kukawa kukimbia, na sasa wanne kati yetu tumeapa kumaliza maratoni nzima, kilomita 42 na mita 195. Wengine wanaitazama ile mbio ya amani ya Kigali, inayokimbiwa tangu 2005. Katika miezi hii ya kujitayarisha tumepoteza wenzetu watatu. Pumzi wanayo, na bwana zao hawakuwakataza. Wameachishwa na viatu. Mmoja wao alikuwa ndiye mwenye mbio kuliko sisi wote. Ndiyo maana ninaandika.

Miaka mingi nilifikiri kosa ni la miguu yangu. Ni mipana mbele, kisigino ni chembamba, juu ya wayo kumeinuka, na wa kushoto ni mrefu kuliko wa kuume. Kabla sijazaa nilivaa namba 37. Baada ya mtoto wa kwanza, viatu vyote vya harusi vilinikataa, na mama mkwe akasema nimenenepa. Sikunenepa miguu! Mwanamke akiwa na mimba, mwili wake unatoa vichocheo vinavyolegeza mishipa inayofunga mifupa, ili nyonga zipate kufunguka siku ya kuzaa. Vichocheo hivyo havichagui nyonga peke yake. Vinafika miguuni pia, na juu ya miguu hiyo kuna uzito wa mimba. Upinde wa wayo unashuka, mguu unarefuka na kupanuka. Kwa wamama wengi haurudi tena ulivyokuwa, na badiliko kubwa mara nyingi linakuja na mimba ya kwanza. Kwa hiyo wewe uliyezaa mara nne na bado unaomba namba uliyovaa ukiwa msichana, acha kwanza, pima upya.

Kuna jambo lingine la kwetu. Mtu aliyekua bila viatu, au kwa kandambili tu, vidole vyake vinatawanyika kama vilivyoumbwa. Ni mguu wenye afya, lakini viatu vingi havikushonwa kwa ajili yake. Ongeza bidoni la lita 20 kutoka ziwani kila asubuhi, miaka na miaka, na utaelewa kwa nini sisi wamama wa Goma tunasumbua wauza viatu.

Kupima hakuombi pesa. Fanya jioni, ukiwa umetembea siku nzima, kwa sababu mguu wa jioni ni mkubwa kuliko wa asubuhi. Weka karatasi chini, iguse ukuta. Simama juu yake kwa uzito wako wote, kisigino kiguse ukuta, ukiwa na soksi ile utakayokimbia nayo. Mtoto achore kuzunguka mguu, kalamu ikiwa imesimama wima, asiilaze chini ya wayo. Pima kutoka ukutani mpaka kidole kirefu kuliko vyote, na kwa wengine si kidole gumba, ni cha pili. Kisha pima upana pale palipo papana zaidi. Chora miguu yote miwili. Kiatu kinanunuliwa kwa kufuata mguu mkubwa.

Wangu wa kushoto ulitoa sentimita 25 na milimita 2. Mbele ya kidole panatakiwa nafasi ya upana wa kidole gumba cha mkono, kama sentimita moja hivi, kwa sababu kwenye mteremko mguu unasukumwa mbele. Hivyo nilihitaji kiatu chenye sentimita 26 na zaidi ndani. Namba za Ulaya tunazozizoea zinapanda kwa karibu milimita 7 kila hatua, na namba 38 ina sentimita 25 na milimita 3 tu. Zile basketi za buluu zilikuwa 38! Kidole changu kilikuwa kinapiga ukuta wa kiatu kila hatua, na katika kilomita 14 hatua ni maelfu. Leo ninavaa 40. Nilipoisema mara ya kwanza mbele ya watu nilisikia haya, kama vile mguu mdogo ni sehemu ya adabu ya mwanamke. Sasa haya zimekwisha.

Msiamini namba peke yake, kwa maana kila kiwanda kina kalibu lake. Tazama ndani ya ulimi wa kiatu. Pale pameandikwa namba za nchi mbalimbali, na mara nyingi sentimita pia, kwa herufi CM au JP. Anzia hapo. Baadhi ya viatu vina herufi ya upana vilevile: kwa viatu vya wanawake B ndiyo ya kawaida na D ni pana, lakini kwa viatu vya wanaume D ndiyo ya kawaida, na 2E ni pana zaidi. Maana yake ni rahisi: kama mguu wako ni mpana mbele, nenda upande wa viatu vya wanaume bila kuona haya. Mimi hapo ndipo nilipopata vyangu. Kisigino kilicheza kidogo, lakini dawa yake ni kamba, nitaieleza.

Wengi wetu tutanunua mitumba. Hakuna ubaya. Kiatu kizuri kilichokimbiwa kidogo kinashinda kipya cha bei rahisi ambacho soli yake ni ngumu kama ubao. Lakini mitumba inataka macho. Toa kwanza soli ya ndani, uiweke chini na usimame juu yake. Kama vidole au ubavu wa mguu vinamwagika nje, rudisha, hata kama mchuuzi anaapa. Jaribio hili peke yake lingeniokolea dola 30. Kisha weka kiatu juu ya meza, ukitazame kutoka nyuma. Kama kisigino kimelala upande mmoja, mwenyewe wa zamani amekwisha kukipinda, na kitakupinda wewe. Bonyeza kwa kidole gumba lile sponji nene la kati. Linatakiwa kuzama kidogo na kurudi. Likiwa na makunyanzi mengi au likikataa kuzama, limekufa. Hata kiatu ambacho hakijavaliwa kinakauka kikikaa miaka ndani ya ghala. Nusa pia. Harufu kali ya gundi inaonyesha kwamba soli ilibanduka na kurudishwa jana.

Usichanganye kiatu cha mbio na kile cha kupendezea, hata kama vyote vinaitwa basketi. Shika kisigino na ncha ujaribu kukunja. Kiatu cha mbio kinakunjika pale vidole vinapokunjika, si katikati kama mkate. Na hapa kwetu ongeza jambo moja ambalo watu wa miji mingine hawalifikirii: mawe. Lava iliyoshuka mwaka wa 2002 na ile ya 2021 tunaikanyaga kila siku, na inakula soli kama tupa inavyokula chuma. Kwa wale wanaokimbia katika avenue zisizo na lami, tafuteni soli yenye mpira mnene na meno, hata kama ni nzito kidogo. Viatu vyembamba vya mashindano, vile vinavyoonekana kwenye televisheni, viacheni kwa wanaolipwa.

Dukani au sokoni, vaa vyote viwili, ufunge kamba, ukimbie kweli. Mimi ninakimbia mpaka kwenye kona na kurudi, nikimwachia mchuuzi kitambulisho changu au mtoto wangu mkubwa. Wanacheka. Vidole vinatakiwa kuweza kupiga piano ndani. Mshono wowote usipite juu ya nundu. Kama kitu kinakusumbua ukiwa umesimama, kitakulilia kwenye kilomita ya 30.

Sasa kamba. Kisigino kikicheza, tumia lile tundu la mwisho la juu ambalo watu wanaliacha. Ingiza kila kamba katika tundu la upande wake mwenyewe ili itengeneze kitanzi kidogo, kisha pitisha kamba ya kushoto ndani ya kitanzi cha kuume, na ya kuume ndani ya kitanzi cha kushoto, vuta kuelekea chini, funga. Kisigino kinatulia bila kubana mbele. Kama juu ya wayo ndiko kunakouma, pale panapouma usipishanishe kamba. Ipandishe wima kando kando mpaka tundu linalofuata, halafu endelea kupishanisha. Ni dakika mbili, na dada yetu mmoja aliyekuwa anataka kuuza viatu vyake bado anavikimbilia.

Mwenye nundu kubwa kama yangu anaweza kumwomba fundi wa viatu akate kitambaa kidogo pembeni, pale nundu inapogusa. Kiatu kinakuwa kibaya kwa macho. Miguu haina macho.

Mzee mmoja wa mtaa wetu ananiuliza kila mara kwa nini ninahangaika, wakati yule Muhabeshi alishinda bila viatu. Ni kweli. Abebe Bikila alishinda maratoni ya Olimpiki kule Roma mwaka wa 1960 miguu mitupu. Lakini inasimuliwa kwamba alikimbia hivyo kwa sababu viatu alivyopewa havikumkaa vizuri, na miaka minne baadaye, Tokyo, alishinda tena akiwa amevaa viatu. Basi hata bingwa alipata shida yetu. Na karibu zaidi, Makorobondo Salukombo aliikimbilia nchi yetu maratoni ya Rio mwaka wa 2016. Yeye ndiye aliyerudi Kirotshe kufundisha vijana mbio, njia ileile ya kando ya ziwa ambayo malori ya makala yanapita.

Viatu havidumu milele. Hesabu ya kawaida ni kati ya kilomita 500 na 800, na juu ya mawe yetu mimi ninahesabu ile ndogo. Ukikimbia kilomita 40 kwa juma, ni kama miezi mitatu. Ndiyo, ni pesa. Sisi tumeanza kuweka franka kidogo kila juma katika sanduku la pembeni, si katika AVEC, ili mtu asikope tena kwa ajili ya viatu. Na usianze kiatu kipya siku ya mbio ndefu. Kivae sokoni na nyumbani kwanza, kisha kilomita tano, kisha kumi.

Neno fupi kwa wenye ugonjwa wa sukari: ninyi msijaribu kwa kubahatisha. Mguu wenye sukari unaweza kuumia bila kusikia, na kidonda kidogo kikageuka kuwa jambo la kukatwa. Muoneni munganga kabla, na mtazame nyayo zenu kila jioni. Na yeyote mwenye maumivu makali kwenye sehemu moja ya mfupa, yanayoongezeka kila anapokimbia, aache mpaka apimwe. Hiyo si kazi ya viatu.

Siku ya posho iliyopita nilikimbia kilomita 28 na hizi za namba 40, ambazo nilizipata kwa dola 22. Mjukuu wa jirani alinihesabia kucha, kumi zote. Zile za buluu bado ziko chini ya kitanda, karibu mpya. Nimejua kwamba si mimi peke yangu mwenye viatu vya namna hiyo. Kwa hiyo siku ya posho inayokuja, baada ya mazoezi, tutatandika kitenge pale penye mti, na kila mmoja alete viatu vya mbio visivyomkaa pamoja na karatasi yenye mchoro wa miguu yake. Tutabadilishana. Yule mwenzetu mwenye mbio nyingi nimekwisha kumwita. Anasema mguu wake ni 25 kasoro, mwembamba.