Udongo wa Mama

Ndugu msomaji, juma hili nazungumzia kitu ambacho tunakikanyaga kila siku bila kukijua.

Nilisimama kando ya barabara pale Kibiti, mahali yalipopangwa magunia ya mkaa yakingoja gari la Dar es Salaam. Nyuma yake kulikuwa na alama ya tanuri la zamani, duara jeusi lisilo na hata jani. Nikamwamkia mzee mmoja mwenyeji, tukaongea.

"Mwanangu," akasema, "hapo nimepanda mbegu za mkongo mara mbili. Zinaota, kisha zinadumaa."

Nikamuuliza kama ni upungufu wa mvua. Akacheka. "Mvua si ni hii hii inayonyesha pale?" Akanionyesha mkongo mkubwa uliosalia, na chini yake miche imechangamka. Siku hizi kila shimo analitia konzi mbili za udongo kutoka chini ya mti ule. Anauita udongo wa mama.

Mzee yule hakusomea elimu ya mimea, lakini amegusa jambo kubwa. Katika udongo ule kuna nyuzi za kuvu, jamii moja na uyoga, zilizoshikamana na mizizi. Ni nyembamba kuliko unywele, na hupenya mahali ambapo mzizi hauwezi kupita. Huko huchota maji na madini, hasa fosforasi, na kuupelekea mti. Mti nao hulipa kwa sukari uliyoitengeneza kwa jua. Malipo hayo yaweza kufika sehemu moja ya tano ya sukari yake. Ni nipe nikupe. Mwaka 1885 Mjerumani A. B. Frank aliuita ubia huo mikoriza, kutokana na maneno mawili ya Kigiriki: kuvu na mzizi.

Bondeni, mto Rufiji umelaza tope lenye rutuba kwa karne nyingi. Huku juu ardhi ni mchanga, na kwenye mchanga ubia huu ndio tegemeo. Kuvu zenyewe ni za aina kuu mbili. Moja huingia ndani kabisa ya mzizi. Hiyo ndiyo ya muhogo, mahindi, mkorosho na mninga. Nyingine huuvika mzizi mfano wa soksi. Hiyo ndiyo ya mkongo na miombo. Mwaka 1982 Peter Högberg, mtaalamu kutoka Sweden, alichapisha utafiti wa mizizi ya miti ya Tanzania ulioonyesha tofauti hizo. Uyoga mwingi unaochumwa kwenye miombo wakati wa mvua ni zao la kuvu hizi za soksi. Miti ikifyekwa yote, na uyoga huo hutoweka.

Sasa turudi kwenye tanuri. Moto wake huoka udongo na kuua kuvu zilizomo. Sisemi kwamba hiyo ndiyo sababu pekee ya miche kudumaa, maana joto hubadili mengi katika udongo. Lakini mche uliokosa mbia wake huanza maisha na deni. Wala simlaumu mchoma mkaa. Mteja wake ni mimi na wewe, tunaochemsha maharage mjini.

Tufanye nini? Anayevuna msitu aache miti mikubwa imesimama hapa na pale, ili kuvu zipate pa kuishi na miche ipate pa kuzipata. Mwenye kitalu cha miti ya asili achanganye udongo kidogo wa chini ya mti wa aina ile ile. Na wewe mwenye bustani nyuma ya nyumba, usiupindue udongo kila mara, wala usimwage mbolea ya fosfeti kupita kiasi, kwani mmea ulioshiba huacha kumlipa mbia wake. Kabichi na figili hazina ubia huu, lakini mhogo wako unao.

Mti tunauona. Anayeulisha hatumwoni, na asiyeonekana ni rahisi kumsahau. Hadi juma lijalo, kwaheri.