Merikebu ya Sultani wa Unguja

Mwaka 1872 tufani ilivunja merikebu za Sultani Barghash wa Unguja, kisiwa cha Bahari ya Hindi. Baadaye aliiona manowari ya Waingereza iitwayo Glasgow, akataka ya namna ile. Wakamtengenezea kwao, ikafika na jina lile lile: mifupa ya chuma, ubavu wa mbao, milingoti mitatu, mashini ya moshi, na mizinga saba, midogo tu. Ilikuwa merikebu ya vita, tena ya kumsafirisha Sultani mwenyewe. Lakini hakuipenda! Ikakaa nangani mbele ya jumba lake, hata Barghash akafa.

Asubuhi ya tarehe 27 Agosti 1896 Waingereza walimkataa Khalid, sultani mpya, wakapiga jumba kwa mizinga. Merikebu zao zilikuwa tano. Glasgow ikawajibu, ikatobolewa. Mabaharia wakapandisha bendera ya Waingereza, maana yake wameshindwa. Waingereza wakaja kwa mashua kuwaokoa. Watu mia tano hivi wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa, na vita haikutimia saa moja.

Glasgow ilizama pasipo kina. Miaka mingi milingoti yake ilionekana bandarini, kama miti katika mafuriko ya Lomami. Mwaka 1912 mabaki yakavunjwa.